Mitetea wa Fundi Viatu

Ukimpelekea fundi viatu kiatu kilichoachama, jiandae kusikia habari za kuku. Misumari imemjaa mdomoni, lakini maneno yanapenya tu: kuchi wa asili ana shingo ndefu, kifua wima, upanga mdogo uliolala kichwani, na jicho la mtu anayedai haki yake.

Watu walitoka mbali kutafuta vifaranga wake, na wote walitaka kumwona jogoo. Fundi alimtoa kwa mbwembwe, kambeba kwapani. Mitetea walikuwa wa mkewe. Yeye ndiye aliyejua nani katoka kwa nani na nani asikutanishwe na kaka yake, na vifaranga aliwatoboa utando wa vidole kwa sindano ya viatu ili koo zisichanganyike.

“Wewe na jogoo wako,” alikuwa akimwambia. “Mbegu iko kwa mama.”

Fundi alicheka, akamjibu kwamba anajipendelea.

Mkewe alipofariki, mitetea waliendelea kuja mlango wa jikoni kila asubuhi, saa ileile aliyozoea kuwamwagia mahindi. Walisimama pale wakilia. Fundi hakuweza kuvumilia. Wiki ya pili akawagawa wote, huyu kwa jirani, yule kwa binamu, na mmoja kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Wengi waliishia chunguni. Jogoo alimbakiza, akijipa moyo kwamba maadamu yupo, ukoo upo.

Miaka minne akawa ananunua mitetea wa huku na huku. Vifaranga walitoka na miguu mifupi na upanga uliosimama kama msumeno. Mteja mmoja wa zamani aliwatazama, akakohoa, akauliza kama siku hizi fundi anafuga kuku wa kitoweo. Siku hiyo maneno ya mkewe yalimwingia sawasawa, yakamchoma. Hawakujaliwa mtoto. Ukoo ule, alioupanga mkewe kwa mikono yake, ndio kitu pekee alichoacha kikiwa hai, na mumewe ameugawa kama nguo kuukuu.

Akafunga kibanda, akaenda kwa shemeji yake. Hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi, kwa kuwa shemeji alifanana mno na dada yake, na ule uso alikuwa akiukimbia. Uani akamkuta mtetea anaparua jivu, mrefu, shingo juu. Alimtambua papo hapo. Hata maji ya kunywa hakuyangoja, akamwomba shemeji ampe yule kuku arudishe mbegu.

Shemeji akamjibu:

“Dada alijua utawagawa, shemeji. Aliniambia nitakayepewa nimtunze, lakini nisikuletee. Alisema uachwe mpaka moyo utulie, utamfuata mwenyewe.”

“Sasa si nimekuja?”

“Miaka mitatu nilikuwekea mayai yake kwenye bakuli. Yakioza natupa, akitaga tena naweka mengine. Nilisema leo atakuja, kesho atakuja.” Akamtazama kuku. “Tangu mwaka jana hatagi tena.”

Fundi akauliza yalikuwa mayai mangapi. Shemeji akamsihi asiulize hilo. Fundi akakaa chini, palepale kwenye jivu, akalia mbele ya ule uso bila kujificha. Hata siku ya mazishi hakulia vile.