Taipureta Iliyougua Mchana

Kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa kutaipu barua za watu kwenye baraza moja karibu na ofisi za serikali, Isiolo, miaka ya themanini ikianza. Nilikuwa na meza, kiti, na benchi la wateja. Nilikuwa nimesomea ukarani Meru, nikaajiriwa mwaka mmoja, kisha ofisi ikapunguza watu nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mama aliuza mitamba wawili ili ninunue mashine yangu mwenyewe. Hakusema kitu kuhusu mitamba hao, ila kila nikirudi nyumbani jioni aliuliza, "Mashine inaendeleaje?" kama mtu anayeuliza habari za mtoto mchanga.

Taipureta niliinunua mpya kwa mzee mmoja mwenye duka kubwa barabara kuu. Mzee huyo aliuza sukari, turubai, taa za karabai na baiskeli, na pembeni aliweka taipureta moja moja zilizoletwa na kampuni ya Nairobi. Alinipa cheti cha waranti, yaani dhamana ya mwaka mmoja, akakigonga muhuri wa duka mbele yangu. Nilikiweka ndani ya Biblia.

Mwezi wa tatu tangu niinunue, askari mmoja mstaafu wa Burat alikuja barazani akiwa na barua ya kudai pensheni, ile niliyomtaipia mimi. Ilikuwa imerudishwa.

"Binti yangu," akasema, "wanasema mimi si mimi."

Nikaisoma. Walimwandikia kwamba nambari yake ya jeshi haimo kwenye kumbukumbu zao. Nikatoa nakala yangu ya kaboni, nikaiinua kwenye mwanga. Tarakimu mbili zilikuwa zimepandana, moja juu ya nyingine, zikaonekana moja. Mashine ilikuwa imegonga herufi bila kusogeza karatasi.

Nilimwandikia upya kwa kalamu, tukahesabu tarakimu pamoja, yeye akizitaja kwa sauti ya paredi. Baada ya wiki nyingi walimjibu vizuri. Lakini siku ile nilipomwona akivuka barabara na bahasha yake kuelekea posta, nilianza kujiuliza. Ni barua ngapi nilizokuwa nimezituma hivyo? Nilifungua faili la nakala nikaanza kuzipitia. Kuna mama wa Sericho aliyemwombea mwanawe nafasi ya shule. Kuna mtu wa Oldonyiro aliyetaka kibali cha kuhamisha ng'ombe. Kwenye barua yake neno moja lilikuwa limekatika katikati. Sikuweza kukaa. Nilifunga mashine kwa leso, nikaibeba kifuani hadi dukani asubuhi ile ile.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam, karani. Umeleta mgonjwa?"

Nikamweleza. Akaiweka juu ya kaunta, akaniambia nitaipu. Nikataipu mstari mmoja, miwili, kumi. Kila herufi ilikaa mahali pake, safi kabisa.

"Hii iko sawa," akasema. "Wewe ndio uko na haraka. Piga pole pole."

Nilirudi kesho yake asubuhi, na siku iliyofuata. Mara zote mbili mashine ilifanya kazi kama ndiyo kwanza inatoka kwenye boksi. Watu waliokuja kununua sukari walianza kunitazama kwa huruma. Mmoja aliuliza kama nimewahi kupimwa macho. Nikirudi barazani, jua likishapanda, tarakimu zilianza kupandana tena. Nilikuwa nikitaipu mstari, nasimama, naenda hadi ukingo wa barabara, narudi, nausoma, nauchana. Wateja walikuwa wanaondoka. Usingizi wangu ulikuwa wa vipande, na mama akiuliza habari za mashine nilijibu "njema" nikiangalia chini.

Siku ya nne ndipo nilipogundua. Niliweka mkono juu ya chuma cha mashine nikauondoa haraka, maana kilikuwa cha moto. Ilikuwa saa nane mchana. Asubuhi chuma kilikuwa baridi, na mashine ilifanya kazi vizuri. Mchana kilipata joto na kitu fulani ndani kikaanza kukwama. Nami kila siku nilikuwa nampelekea Mzee asubuhi!

Siku hiyo sikuifunga leso. Niliibeba ikiwa moto vile vile, nikaiweka juu ya magunia mbele ya duka, juani.

"Mzee, nitajie maneno yoyote unayotaka."

Akafikiri. "Andika jina la duka langu."

Nikaliandika mara tano. Mara mbili lilitoka limekosa herufi. Akachukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Nilingoja aseme tena ni haraka yangu. Badala yake akanikaribisha ndani, akafunga nusu ya mlango, kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya mchana.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nikikubali ni mbovu, inabaki kwangu. Hawa watu wa Nairobi wanaleta, hawarudishi. Nitafanya nini na mashine mbovu?"

Kwa hiyo alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba huenda nasema kweli. Hasira ilinipanda hadi masikioni.

"Mzee, na mimi je? Askari wa Burat aliambiwa yeye si yeye. Muhuri kwenye cheti ni wako, si wa Nairobi."

Akajipangusa uso kwa ncha ya kikoi. "Mtu wao anakuja Alhamisi," akasema mwishowe. "Njoo."

Alhamisi nilifika kabla duka halijafunguliwa. Gari la kampuni liliingia saa tatu. Mtu wao alikuwa kijana wa tai na soksi nyeupe, mwenye haraka; alitaka kuwa Nanyuki kabla ya saa saba. Akaijaribu mashine, ikamtii. Akatabasamu.

"Madam, hii ni vumbi tu. Isiolo mko na vumbi mingi. Waranti haishughuliki na vumbi."

"Fungua mfuniko," nikamwambia. "Nionyeshe hilo vumbi."

Akafungua. Ndani palikuwa safi. Nilikuwa napapiga brashi kila jioni. Akafunga, akaangalia saa yake.

"Ngoja mpaka saa nane," nikasema. "Ikipata joto utaona."

"Saa nane? Siwezi."

Nilijua akiondoka ndiyo mwisho. Miguu yangu ilitaka kwenda kusimama mbele ya gari lake. Hapo Mzee, ambaye alikuwa akihesabu maboksi mapya yaliyoshushwa, akachomoa kalamu sikioni na kuitia mfukoni.

"Mimi pia siwezi kusaini risiti ya mzigo sasa hivi," akasema polepole. "Nitakagua kila boksi. Halafu tutakula. Nyumbani wamepika. Mgeni hatoki kwangu na njaa."

Yule kijana alibisha, akacheka, akabisha tena. Bila saini hangeweza kwenda. Akala pilau akiwa amevua tai. Mashine ilikuwa nje juani nami nilikuwa natoka kila dakika chache kuigusa, nikiomba moyoni iharibike. Ni ombi la ajabu kwa mtu aliyenunua kitu kwa mitamba wa mama yake.

Saa nane wakatoka. Sikuigusa mimi. "Taipu wewe," nikamwambia yule kijana. "Andika namba moja mpaka kumi." Alitaipu kwa vidole viwili. Mstari wa kwanza ukawa sawa. Wa pili, saba na nane zikapandana. Akarudia. Zikapandana tano na sita.

"Sawa," akasema. "Naipeleka Nairobi itengenezwe. Kama miezi miwili."

"Na miezi miwili nitafanyia kazi nini?"

Akanionyesha mashine ya zamani aliyokuwa akiitumia kuandikia risiti. Nikakataa. Nilinunua mpya. Mzee akanyoosha kidole kwenye gari. Ndani kulikuwa na boksi moja ambalo halijashushwa.

"Hiyo ni taipureta ndogo, na ina mwenyewe. Ni ya shule moja kule Meru," kijana akasema.

"Shule itangoja wiki moja," Mzee akasema. "Huyu amengoja ya kutosha."

Nilisikia aibu kidogo kwa ajili ya shule hiyo, lakini sikumzuia. Nilidai iwekwe juani saa nzima nami niitaipie mbele yao. Halafu nikadai waranti ianze upya siku hiyo. Kijana alisema mwaka unaendelea ulipoanzia. Nikamwambia siku za ugonjwa hazihesabiwi. Tukavutana hadi akachoka, akaandika tarehe mpya na kusaini, akaongeza na utepe wa wino wa bure ili aondoke.

Haikuwa sawa kabisa na ile niliyonunua. Fomu pana hazikuingia. Kwa miaka yote niliyokuwa nayo ilibidi nizikunje. Na wasiwasi haukunitoka upesi. Kila siku saa nane nilikuwa natoa karatasi na kutaipu tarakimu zote, hata mteja akiwa amekaa ananingoja.

Siku chache baadaye Mzee alikuja barazani, mara yake ya kwanza kukaa kwenye benchi langu. Akatoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na mkataba wake na kampuni, kwa Kiingereza, aliosaini bila kuusoma kwa sababu hakuweza.

"Nisomee," akasema. "Yote. Hata maandishi madogo."

Nikamsomea, nikimtafsiria kila kifungu. Ukurasa wa tatu niliposema kwamba bidhaa yenye kasoro ya kiwandani kampuni itaichukua na kulipia usafiri, akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Alikuwa ameogopa kitu ambacho hakikuwemo. Aliyatazama magari yakipita kwenda kwenye kizuizi cha polisi barabarani. Kisha akaniomba nimtaipie kifungu hicho kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, nakala mbili. Moja alimpa yule kijana wa Nairobi aliporudi. Nyingine aliibandika ukutani, nyuma ya mizani, mahali ambapo kila mnunuzi angeiona.