Tiva wa Kiambere

Kikundi chetu cha kutazama ndege pale Siakago kina sheria moja: ndege mpya haandikwi daftarini mpaka watu wawili wawe wamemwona. Daftari nalishika mimi, karani wa ofisi ya serikali, na kwa miaka mingi hakuna aliyenishinda kwa idadi ya ndege.

Kisha akahamishiwa hapa nesi kutoka Timau. Kule kwenye baridi na mashamba ya ngano, angewajulia wapi ndege wa huku kwetu Mbeere? Lakini alikuwa na masikio, mwanamke yule! Sisi tukiwa bado tunafuta darubini, yeye keshataja ndege watatu kwa mlio tu. Wenzangu wakaanza kutembea karibu naye. Wivu ulinikaba, sikatai.

Jumamosi moja, karibu na bwawa la Kiambere, tulisikia mluzi kutoka kileleni mwa mgunga: milio mifupi ya haraka, wa mwisho ukivutwa.

"Huyo ni tiva," nikawahi kusema. "Yule mkubwa wa kichwa cha kijivu."

"Hapana, mzee," nesi akasema kwa upole. "Huyo mkubwa huwa anapiga moja tu, ndefu, kama ya huzuni. Huyu ni yule mdogo. Angalia, ako na yellow juu ya macho."

Wengine walikuwa nyuma. Nikainua darubini. Nilimwona kama ninavyouona mkono wangu: kichwa cha kijivu, kifua cha rangi ya chungwa, nyusi za manjano, jicho jeusi. Yule mkubwa jicho lake ndilo la manjano, na nyusi hana. Daftarini mwetu tiva huyu mdogo hakuwamo.

"Sijaona vizuri, sista," nikasema. Ndege akaruka. Sikuandika kitu.

Wiki mbili baadaye, mahali palepale, nikamwona tena, safari hii mimi wa kwanza. Nikageuka kutafuta shahidi. Aliyekuwa karibu ni yeye peke yake.

Akainua darubini, akatulia. Angeweza kunilipa kwa maneno yangu yaleyale, na ningestahili.

"Nimemwona, mzee. Ni yeye kabisa. Andika."

Hakukuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake. Heri angenitukana. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe, mahali, jina la ndege. Kwenye nafasi ya aliyeona kwanza nilisita kidogo, kisha nikaandika jina langu, na chini yake, kama shahidi, lake.