Mwonjaji wa Mwami

Mama Jaël lazima aonje. Kabla bibi mgonjwa tunayemtunza kwa zamu kule Bowie, ughaibuni, hajala, anachota uji kwa kijiko kingine, anautia kiganjani, anaumeza mbele yake, ndipo anampa bakuli. Kwao Bukavu, anayekupa chakula bila kukionja hakutakii mema.

Jumapili nilikuwa mlangoni, nimekuja kupokea zamu, binti wa bibi alipomfuma akionja. Alimwambia, kwa sauti ya kumsemesha mtoto, kwamba chakula cha mgonjwa si cha wafanyakazi. Ningekuwa mimi, ningebeba mkoba wangu nikaondoka. Mama Jaël alivuta kiti akakaa.

“Babu wa baba yangu alikuwa mwonjaji wa mwami, mfalme wetu,” alisema. “Mwami alipokwenda Ulaya kuzungumza na wakubwa, kabla tu ya uhuru, babu alikunywa wa kwanza kwenye kikombe cha mwami. Mawaziri wa Kizungu wakacheka kwamba mwami kaja na mlevi. Wakataka babu apelekwe jikoni. Mwami akakisukuma kikombe. Akasema huyu asipoonja, yeye hanywi, na mazungumzo hayaanzi.”

“Na hapa nani anataka kumuua mama yangu?”

“Sijui. Hata babu hakujua ni nani. Lakini mwami alirudi nyumbani mzima.”

Binti akamnyang'anya bakuli, akampelekea mama yake kijiko mdomoni. Bibi akafumba mdomo, akakisukuma kijiko.

“Onja kwanza,” akamwambia binti yake.