Vifaranga Waliomkimbia Mama Pumba

Mama Pumba hakuwa mtu wa kukimbiwa. Miaka kumi na mmoja aliwalisha kambale wa shamba lile la samaki, na kila alipotia mguu ukingoni mwa bwawa walimjia midomo wazi, wakipandana migongoni. Jina alipewa na wenzake kwa ajili ya pumba iliyomganda nguoni, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. "Hawa wananijua kuliko hata mume wangu," alikuwa akijigamba. Mumewe, ambaye ni mlinzi wa lango la shamba hilohilo, alikuwa akisikia, ila alishazoea.

Basi Jumatatu moja akaja na ndoo yake kwenye bwawa la tatu, lile la vifaranga, watoto wa kambale. Hata hajainama, wote wakazama. Wakajibana kwenye kona ya mbali, wamekuwa donge moja jeusi lisilotikisika. Chakula kikaelea, kikalowa, kikazama bila kuguswa.

Akakinusa chakula. Hakikuwa kimeoza. Akatia mkono majini, maji yalikuwa yaleyale. Akatafuta kenge kwenye majani, akatafuta ndege mla samaki juu ya paa la pampu, hakuona kitu. Jumanne akabadilisha kilemba, labda kile chekundu kiliwatisha. Wapi! Akajaribu kuwaimbia, mtu mzima na akili zake, anayaimbia maji. Donge likazidi kujibana. Hakuelewa, na kutoelewa kulimuuma kuliko jino.

Msimamizi wa shamba hakuwa na maneno mengi. "Mama Pumba, Ijumaa asubuhi nakuja mwenyewe. Nisipowaona wanakula mbele yako, bwawa hili nampa mwingine, wewe uende ghalani."

Ghalani! Kwenye magunia na panya, asikokuwepo hata mmoja wa kumkimbilia.

Jumatano mumewe akamwonea huruma. "Hebu nipe hiyo ndoo, mama watoto."

Akarusha konzi moja tu, ovyo, kama mtu anayetupa maganda. Vifaranga wakatoka konani mbio, maji yakachafuka kwa mikia.

"Umewafanya nini?" Mama Pumba aliuliza.

"Mimi? Si nimewapa chakula tu!"

"Umewaroga wewe."

Alisema akicheka, lakini moyoni hakukuwa na kicheko. Alikuwa na wivu, tena wa kumwonea mumewe kwa sababu ya samaki. Aibu iliyoje! Siku nzima hakumsemesha.

Alhamisi akafika bwana samaki, mtaalamu anayezungukia mabwawa. Mama Pumba alimmwagia yote: ndoo, kilemba, wimbo, uchawi wa mume. Yule bwana alisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye mfereji unaoingiza maji. Kando ya mfereji palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe kisu, dodoki na aproni iliyoanikwa.

"Nani anapasulia samaki hapa?"

"Mimi. Wifi yangu kafungua mgahawa wiki iliyopita, hununua kambale wakubwa wa hapahapa. Namsaidia kuwapasua na kuwasugua utelezi kila asubuhi, ndipo nije kulisha. Hapa maji ni safi."

"Na yakitoka hapa yanakwenda wapi?"

Alianza kuonyesha kwa kidole, mkono ukaanguka njiani. "Bwawa la tatu."

"Ngozi ya kambale ikichanika hutoa kitu majini," bwana samaki akasema. "Wenzake wakikinusa wanajua kuna mmoja wao ameumizwa. Wanazama, wanakusanyika, wanatulia tuli. Sasa kila harufu hiyo ikija, na wewe unafuata. Umbo lako wanaliona. Hatua zako zinatikisa maji, nao wana mstari ubavuni unaozihisi. Wameshajumlisha, mama. Adui ni wewe."

"Lakini sijamgusa hata mmoja wao!"

"Watajuaje?"

Hapo ndipo alipochanganyikiwa zaidi. Alikuwa mlezi wao na pia mtu wa kisu, na yote mawili ni kweli. "Nikiacha, watanisahau?"

"Huenda. Sijui itachukua siku ngapi."

Jioni hiyohiyo kisu na jiwe vilihamia ng'ambo ya pili ya uzio. Ijumaa alikuja na aproni mpya, mikono ameisugua mara tatu mpaka ikawasha. Msimamizi alisimama nyuma yake. Mama Pumba akakaribia kwa kunyata, akanyoosha konzi ya chakula.

Wakazama.

Msimamizi akakohoa. Mama Pumba aliwatazama wale vifaranga kule konani, wembamba, vichwa vikubwa kuliko viwiliwili. Siku ya tano hii, na tangu Jumatano hawajala cha maana. Angeweza kusubiri, kuomba siku mbili zaidi, kubishana. Maneno alikuwa nayo. Badala yake alimwita mumewe aliyekuwa akitoka zamu, akamkabidhi ndoo mbele ya msimamizi, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa pampu.

Akasikia chakula kikinyunyizwa. Kisha akasikia maji yakichafuka, mikia ikipigana, vurugu lile alilolijua miaka kumi na mmoja. Machozi yakamtoka, hakuyazuia.

"Mama Pumba!" msimamizi aliita. "Njoo uone wanavyokula!"

"Siji," alijibu kwa sauti ya chini. "Wakiniona wataacha."