Ndizi Zikiiva Hazimsubiri Rogasian

Saa moja asubuhi, kijijini Bugarama wilayani Ngara, Rogasian Ntakirutimana anaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe ya ndizi. Suruali ameikunja mpaka magotini, miguu ameiosha kwa maji ya moto. Ndani ya mtumbwi kuna ndizi mbivu zilizomenywa, zimechanganywa na nyasi. Anakanyaga, anageuka, anakanyaga tena.

Juisi haijaanza hata kutoka, anashika ukingo na kukaa.

"Imetosha," anamwambia mkewe, Domisiana. "Mwite mtu amalizie."

Ndizi hizo ni za mkungu mmoja tu. Asubuhi hii Rogasian, mwenye miaka hamsini na mmoja, hakuwa anakamua pombe ya kuuza, alikuwa anajipima. Mwezi ujao binti yake Joyness anatolewa mahari. Wakwe wanatoka Nyamahanga, kule Biharamulo, na kwenye ukoo wa Rogasian pombe ya siku hiyo anaikanyaga baba wa binti mwenyewe. Baba yake Rogasian aliwakanyagia binti zake wote.

"Nisipokanyaga mimi, hiyo ni pombe ya kununua," anasema, akiutazama mtumbwi.

Wanaomkumbuka Rogasian wa zamani wanatabasamu kabla ya kujibu. Alianza kazi hii akiwa kijana, miaka ile kambi za wakimbizi za Lukole zimejaa watu na rubisi ikiisha kabla jua halijazama. Akiingia mtumbwini anaimba, majirani wanaitikia, na watoto wanajipanga na mirija ya mabua kuvuta juisi tamu kabla haijatiwa mtama.

"Ulikuwa unasikia sauti yake, unajua leo kuna kazi kwa Rogasian," anasema Domisiana. "Nyumba ilikuwa na kelele, jamani. Sasa hivi naweza kusikia kuku anatembea."

Mambo yalibadilika masika ya mwaka juzi. Alipata homa, koo likauma, tezi za shingo zikavimba. Wiki moja akawa amelala, homa ikaisha, akaamka. Kila mtu alidhani amepona.

Lakini nguvu hazikurudi. Analala usiku kucha na kuamka amechoka. Akitoka kuchota maji anarudi kulala. Alimeza dawa za malaria mara tatu, mara mbili kati ya hizo bila kupima, kwa sababu huku kwetu mtu akilegea ni malaria tu.

Baadaye walipompima tena zahanati, malaria haikuonekana. Wakapima kifua kikuu, sukari, wingi wa damu na VVU. Vyote havikuonyesha kitu, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni mvivu aliyepata sababu.

Jovitus, mkamuaji mwenzake ambaye wamekuwa wakishindana tangu ujana, alikuwa akipita njiani anapaza sauti: "Rogasian, hicho kitanda umekitolea mahari?"

"Namjibu nini?" anauliza Rogasian. "Mwili hauna kidonda cha kumwonyesha."

Kibaya zaidi, ugonjwa huu una siku zake nzuri. Na kazi ya rubisi haijali siku hizo. Ndizi zinafukiwa shimoni na kufukizwa moshi, na baada ya siku kadhaa zimeiva. Zikiiva ni lazima zikanyagwe, zikichelewa zinaoza. Ukishaanza kukanyaga huwezi kupumzika katikati mpaka juisi itoke.

Pasaka iliyopita aliamka mwepesi, anaimba. Ndizi zilikuwa tayari. Akasema leo nafidia siku zote nilizolala, akakanyaga mtumbwi mzima na watu wakampigia makofi. Jioni alikuwa mzima, akala, akacheka. Siku ya pili yake hakuweza kuinua kikombe cha uji. Alikaa kitandani wiki tano.

"Nilimnywesha kwa kijiko kama mtoto," anasema Domisiana. "Taa ikiwaka anaumia macho. Nilifikiri nampoteza."

Baada ya hapo ndipo alipofika tena kwenye zahanati na kumkuta tabibu Priscila, aliyemuuliza kitu ambacho hakuwahi kuulizwa: siku moja kabla ya kuanguka, ulifanya nini?

Priscila anasema virusi vya aina nyingi, vya mafua, vya UVIKO, vya dengi na vile vinavyovimbisha tezi, vinaweza kumwachia mtu uchovu wa namna hii. "Wengi wanapona. Wachache homa inaondoka, uchovu unabaki miezi au miaka. Wataalamu bado wanatafuta sababu. Huenda mabaki ya kirusi yanabaki mwilini, huenda kinga ya mwili inaendelea kupigana wakati adui ameshaondoka. Hakuna kipimo kimoja cha kuuonyesha, wala dawa ya kuumaliza. Lakini si uvivu."

Alichomwambia Rogasian ni kufanya kazi chini ya nguvu alizonazo, hata siku anayojisikia vizuri. Hasa siku hiyo.

Wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kushika. Mtoto anatoka kwenye homa Jumapili, Jumatatu tunampa jembe, tunasema jasho litamalizia ugonjwa. Akisema amechoka tunamwita mvivu. Mwacheni apumzike mpaka nguvu zirudi zenyewe, arudi kazini kidogo kidogo. Uchovu ukizidi wiki kadhaa, mpelekeni akapimwe, msikisie malaria. Rogasian ni mtu mzima na mwili umemshinda. Mtoto atajieleza vipi?

Asubuhi hii aliyeitwa kumalizia ndizi ni Jovitus. Anafika, anavua viatu, hasemi la kitanda. Tangu ile Pasaka, alipomwona mwenzake anabebwa kwenda chooni, ameacha utani huo.

"Na za Joyness?" anauliza akiwa anakanyaga.

Rogasian anajibu: "Utakanyaga wewe."

"Ukoo wako utanila nyama."

"Nitawaambia nimekutuma. Nikizikanyaga mimi, wakwe watanikuta nimelala kama maiti. Niwape binti nikiwa kitandani?"

Joyness, aliyekuwa anamenya ndizi zilizobaki, anainamisha uso. "Baba, mimi nilikuwa naogopa kukwambia usikanyage," anasema.

Uamuzi huo umemuuma, na hafichi. Lakini ana mpango. Siku mbili kabla ya sherehe hatafanya chochote, hata kuni hatapasua. Na amewatumia wakwe ujumbe ambao wazee wa ukoo wameuona wa ajabu: wageni wa mahari hufika jioni, yeye anawaomba waje asubuhi, maana ikifika jioni nguvu kidogo alizonazo zinakuwa zimeisha.

Kutoka Nyamahanga hadi Bugarama si karibu, na alijua anaomba jambo kubwa. Majibu yamefika juzi kwa simu ya Joyness. Wakwe wamesema watatangulia siku moja kabla na kulala Rulenge kwa ndugu yao, ili saa mbili asubuhi wawe mlangoni.

"Watanikuta nimesimama," anasema Rogasian. "Nitawashika mkono mmoja mmoja, wote."