Mlinzi wa Benchi

Jumapili iliyopita, kanisani Pasiansi, nilimwona mwanamume amebaki peke yake kwenye benchi wenzake wakiwa kwenye foleni ya komunyo. Nikamkumbuka baba.

Mjomba alizama ziwani mtumbwi ulipopinduka, na aliyekuwa akiuongoza ni baba. Tangu hapo baba hakukomunika tena, akijiona ndiye aliyemuua. Mama akienda mbele, yeye alibaki nami, na kwa utoto wangu nilidhani anatulindia nafasi.

Alasiri moja ya misa, nikiwa bado mtoto, kanisa lilinukia ubani, na mashati ya wavuvi yalinuka dagaa. Bibi, aliyemzaa mama na mjomba, alitoka kwenye foleni akaja hadi kwetu.

“Simama, mwanangu.”

“Mama, mimi huyu?”

“Uliungama, Mungu akakusamehe. Mimi nilikusamehe tangu msibani. Sasa unamngoja nani?”

Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata shikamoo huitoa kwa mbali. Bibi alimshika baba mkono, kanisa zima likitazama, akaenda naye mbele.

Benchi likabaki tupu, ila mimi. Basi nikalilinda mimi, kifua mbele, na hadi leo sijalinda kitu kingine kwa fahari kama ile.