Nilipoulizwa Kama Otieno Atoke

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo bado inanisumbua kichwani. Nakuita mwanangu kwa sababu nina miaka kumi na saba na ndevu tatu, nawe uko darasa la tano. Tulia.

Nilipokuwa kijana, yaani mwaka juzi, mdomo wangu haukuwa na breki. Timu yetu ya besiboli hapa Ghulail, Jeddah, iliongozwa na Anko Baraka, dereva wa madam mmoja wa mtaa wa Al-Nuzha. Yeye ndiye aliyeamua nani arushe mpira na lini apumzishwe. Kwenye nusu fainali alimtoa Otieno, askari wa geti na mrushaji wetu bora, wakati mkono wake ulionekana bado una nguvu. Tulishinda kwa taabu. Wiki nzima nikamwigiza Anko dukani, tumbo mbele: "Otieno, yalla, haya twende, kalale mtoto wangu." Watu walicheka, na hata wasioujua mchezo wakaanza kumwita Anko mwoga.

Fainali ilichezewa Riyadh, uwanja wa Al-Suwaidi, Ijumaa hiyo. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja tu, mwisho mwisho kabisa. Mimi nilikuwa naandika matokeo benchini, huku nikipiga kelele Otieno asiguswe. Anko akaja, akachuchumaa mbele yangu.

"Haya, mwalimu. Atoke au abaki?"

Nilimwona Otieno akijisugua bega. Niliona vizuri, mwanangu. Lakini baada ya kicheko cha wiki nzima, ningeanzaje kusema atoke?

"Abaki," nikasema.

Mpira wa pili aliourusha ulipigwa ukavuka ua, wapinzani wakapata pointi mbili kwa mpigo. Halas, kwisha, tukashindwa.

Safari ya kurudi Jeddah ilikuwa ndefu. Anko aliendesha, wengine wakamsema. Mmoja alidai hata paka wa madam angejua kumtoa Otieno. Anko akajibu tu kwamba amekosea. Hakunitazama hata kwenye kioo. Nami nikaendelea kutafuna shawarma yangu.

Ijumaa iliyofuata walikutana kuchagua kiongozi mwingine. Mikono ilipoanza kuinuka ndipo nikasimama, nikasema yote: bega niliona, na aliyesema abaki ni mimi.

"Keti," Anko akaniambia taratibu. "Kukuuliza nilikuuliza. Timu ilikuwa yangu."

Walimtoa Anko vilevile. Akakabidhi mfuko wa mipira, akaenda kuosha gari la madam.

Kwa hiyo bishana kuhusu mpira, mwanangu, mimi mwenyewe bado nabishana. Ila kabla ya kumcheka anayeamua, jiulize kama ungeamua wewe huku watu wote wakikutazama. Na ukiona ukweli, useme hapo hapo, hata kama jana ulisema kinyume chake. Mimi nilichelewa siku saba, na mtu akapoteza kitu alichokipenda.

Mungu akupe macho mazuri, akupe na moyo wa kukiri mapema kuliko mimi. Ukue salama, uniite mzee bila kucheka.